Naomba ushauri: taipureta inayojiandika yenyewe kwenye tamthilia

Mwandishi_wa_Usiku: Wakuu, salaam. Naandaa tamthilia fupi ya sayansi ya kubuni. Fundi saa anapokea ujumbe kutoka ulimwengu pacha kupitia taipureta inayojiandika. Fringe, tamthilia ya televisheni ya Marekani, walishafanya jambo la karibu na hili mwaka 2009, mashine ikiwa mbele ya kioo, nami sitaki kuwaiga. Nimepata mbili: ya zamani ya mkono, na IBM Selectric ya umeme. Nichukue ipi? Herufi za kuongezwa na kompyuta sizitaki kabisa. Nataka mtazamaji aone wino ukigonga karatasi.

Karani88: Selectric, mkuu. Ilitoka 1961 na haina vyuma vya herufi. Ina tufe dogo lenye herufi na alama 88, linazunguka, linainama, linagonga. Karatasi imetulia, tufe ndilo linalotembea. Halafu hadithi yako ina mzizi wa kweli: IBM 2741 ya mwaka 1965 ilikuwa Selectric iliyounganishwa na kompyuta, maneno yakijichapa bila mtu kugusa kitufe.

Stoo_ya_Vifaa: Napingana na Karani. Chukua ya mkono. Toboa meza, funga nyuzi za kuvulia samaki kwenye mikono ya vitufe kwa chini, mtu akae huko avute. Lakini sababu yangu kubwa si hiyo. Mstari ukikaribia kuisha kengele inalia, na kibebea karatasi hakirudi chenyewe, lazima mtu akisukume. Fundi wako asipokisukuma, ujumbe unakatikia hapo. Kila mstari anaamua upya kama anataka kuendelea kusoma! Kwenye Selectric tufe linarudishwa kwa umeme kitufe kikibonyezwa, uamuzi huo unapotea.

Utepe wa wino uwe mpya. Na ujumbe ukiwa na mwaka, kagua vitufe kwanza: nyingi za zamani hazina tarakimu 1, watu walipiga l ndogo.

Sikio: Sauti ya vitufe irekodi peke yake. Ikipigwa wakati waigizaji wanaongea, maneno yao hayatasikika.

Mwandishi_wa_Usiku: Stoo, hilo la kengele limenibadilishia hadithi nzima. Nachukua ya mkono. Nikirudia kupiga picha, karatasi nifanyeje?

Stoo_ya_Vifaa: Andaa nakala nyingi zilizokwisha kupigwa mistari ya mwanzo, zote zikiishia neno lilelile. Kila mkirudia, weka mpya.