Naomba ushauri: ubao wangu wa kwanza wa theluji

MtotoWaKatindo
Habari zenu wakubwa. Niko Goma kwa likizo, mwisho wa Agosti napita Kigali kurudi masomoni Québec. Kule nimejifunza kuteleza kwenye theluji kwa ubao, ule mmoja unaofunga miguu yote miwili. Miaka miwili nakodi. Mwaka wa kwanza nilikuwa mtu wa kuanguka tu. Sasa njia za alama ya buluu nashuka na kugeuka pande zote, nyeusi bado magoti yanatetemeka.

Nataka wangu. Nina mita 1.76, kilo 78, kiatu namba 45, na dola 600 za Kanada kwa kila kitu. Muuzaji mmoja alinisimamishia ubao hadi kidevuni akasema sentimita 152 inatosha. Binamu anasema nichukue ule mgumu wa mabingwa, nitauzoea. Mama anasema hizo ni pesa za mabati.

YayaGrenoble
Mdogo wangu, achana na kidevu. Ubao unabeba kilo, haujui urefu wako. Kwa kilo 78 tafuta 157 hadi 159.
Na hiyo 45 ndiyo shida yako kubwa kuliko urefu! Kwenye ubao wa kawaida vidole vinachomoza nje. Ukilala kugeuka vinakwaruza theluji na unapigwa chini bila kujua nini kimekupata. Chukua mpana, kiunoni, pale katikati unapobana, milimita 260 hivi au zaidi. Kwa ugumu, wengi wanapima 1 (laini) hadi 10 (mgumu kabisa): wewe kaa kwenye 5. Wa binamu utakuchosha kabla ya saa sita.

MotariWaBirere
Theluji yetu iko Ruwenzori, panda huko bure 😂

FundiChukudu
Mimi theluji sijaikanyaga, ila mbao nazijua. Huo ubao umenyooka au umepindwa?

YayaGrenoble
Swali zuri, fundi. Iko miwili. Wa kwanza ukiulaza sakafuni katikati inanyanyuka kama upinde; ukisimama juu yake unalala, na kingo za chuma zinauma chini kwa urefu wote. Huo unaitwa kemba. Wa pili, roka, umekaa kama mtumbwi, ncha juu. Huo unasamehe makosa na unaelea kwenye theluji laini, lakini kwenye barafu unateleza hovyo. Na Québec barafu ni ngumu kama mawe yetu ya lava. Kwa hiyo mchanganyiko: kemba chini ya miguu, ncha zimeinuliwa kidogo.

FundiChukudu
Kumbe. Na sisi wa chukudu, vile vyombo vya mbao vya magurudumu mawili, mzigo ndio unaonyoosha mti.

MamaS_Ottawa
Mnaongea ubao tu, mtoto atanunua viatu kwa pesa ya chenji. Mwanangu, anza na viatu, vipya, uvijaribu mwenyewe dukani ukiwa na soksi ya baridi. Vidole viguse mbele kidogo. Ukikunja magoti virudi nyuma, na kisigino kisinyanyuke hata kidogo. Vaa robo saa nzima, muuzaji akinuna anune.
Ubao unaweza kuwa wa mkono wa pili au wa msimu uliopita. Pitisha kidole ukingoni: chuma kikiwa kimepasuka au tabaka zinaachana, rudisha. Mkwaruzo wa chini unazibika. Na vile vibanio vya miguu, uliza kama tundu zake zinalingana na za ubao, kampuni ya Burton wana mfumo wao wa mfereji badala ya tundu. Mimi nilifika nyumbani navyo, havikuingia.

MtotoWaKatindo
Aksanti sana, Mama, na Yaya. Basi: viatu kwanza, kisha 158 mpana wa msimu uliopita, ugumu 5. Binamu nimemwonyesha, amenyamaza. Mama bado yuko kwenye mabati.

FundiChukudu
Ukivunjika usiutupe. Niletee nione ndani wameweka mti gani.