Begi la mgongoni la safari ya pikipiki porini: la ukubwa gani, na nini kikae wapi?

Barobaro wa Magongo

Salaam alaikum jamani. Mimi na wenzangu wawili tunapanga kutoka Mombasa kwenda mlima Kasigau kwa pikipiki. Tutashika barabara kuu hadi Maungu, hapo tuache lami tuingie vumbini mpaka Bungule, chini ya mlima. Kurudi tunataka tukatie Samburu, ile iliyo kwenye barabara kuu ya Mombasa, tupite Kinango na Kwale, tutokee Dongo Kundu. Chombo changu ni Honda XL 125, keria ipo.

Swali langu ni begi. Nimelipenda moja la lita 40 lenye mifuko kila upande. Kwenye video nimewaona wapanda pikipiki za theluji wakivaa mabegi ya namna hiyo wakipanda vilima, nikaona wanajua wanachofanya. Nafikiri nitie kila kitu humo, spana, tyubu, pampu, maji, nguo na chakula, keria ibaki tupu pikipiki iwe nyepesi. Wazoefu mwasemaje kabla sijalipa?

Fundi Makupa

Wa alaikum salaam, mdogo wangu. La lita 40 liache dukani. Pikipiki haiwi nyepesi kwa kuwa mzigo umeubeba wewe. Kilo ni zile zile, ila umezipandisha juu, mahali pabaya kuliko pote. Kwenye lami hutasikia kitu. Ukishaingia vumbi la Maungu, penye mchanga laini na matuta madogo madogo yanayofuatana, itabidi usimame juu ya vikanyagio. Hapo ukiinama kulia begi linachelewa, na linakufuata wakati ushaanza kurudi kushoto. Mabega yanachoka, mikono inaanza kuubana usukani, na mkono unaobana usukani ndio unaomwangusha mtu mchangani. Nimewaona vijana wenye nguvu zao wakiangushwa na begi, si na barabara.

Spana, tyubu, pampu na vyuma vya kutolea tairi vifunge kwenye keria, chini, karibu na kiti, kwa mpira wa tyubu kuukuu. Si kwa ajili ya uzito peke yake. Ukianguka chali na spana namba 17 iko begini, baina ya ardhi na uti wa mgongo, ile spana haina pa kwenda ila mgongoni mwako. Wala usiridhike na sponji ya begi ukadhani ni kinga. Kinga ya mgongo ya kweli ina lebo ya EN 1621-2, kiwango cha Ulaya cha kinga za mgongo za wapanda pikipiki, na huvaliwa chini ya koti.

Begi lako liwe la lita 15 hadi 20. Kulijaribu, tia chupa mbili za maji za lita moja moja, vaa helmeti, panda pikipiki. Kitako cha begi kikigusa kiti au keria, ni refu mno, kila shimo litalisukuma juu mabegani. Inua uso: helmeti ikigonga begi, ukipanda mlima hutaona mbele. Kisha simama, tikisa kiuno kulia na kushoto. Mkanda wa kiuno ukae juu ya mifupa ya nyonga, si tumboni, na mkanda wa kifua uwepo. Kongowea kwenye mitumba ulizia ya wapanda baiskeli za milimani. Yale yameshonwa mafupi na membamba, ndiyo unayoyataka.

Mzaliwa wa Kuze

Mimi ni mtoto wa Mji wa Kale, ila sasa niko British Columbia, Kanada, upande wa Revelstoke, na majira ya baridi napanda hizo pikipiki za theluji. Kaka, mabegi uliyoyaona si ya mizigo. Mengi yana mfuko wa hewa ndani. Mlima ukiporomosha theluji unavuta mpini ulio begani, na gesi ya mtungi mdogo au feni ya betri inaujaza mfuko wa kama lita 150 kwa sekunde chache. Theluji inayokimbia ni kama ungo wa mchele unaotikiswa, vilivyo vikubwa huja juu, na ule mfuko unamfanya mtu awe mkubwa. Wengi huweka mpini kushoto, kwa sababu kidole gumba cha kulia ndicho kinachokanyaga mafuta.

Sasa sikiliza kinachokuhusu. Koleo, na fimbo ya kukunja ya kumtafutia aliyefukiwa, hukaa begini, hazifungwi kwenye chombo. Kifaa cha kutuma ishara hakikai hata begini, kinafungwa kifuani chini ya koti. Ukitenganishwa na pikipiki na mwenzako yuko chini ya theluji, utamchimba kwa nini? Nafasi ya kumtoa hai hushuka vibaya mno baada ya dakika 10 hadi 15 za mwanzo, huna muda wa kukitafuta chombo. Mafuta ya akiba na vyombo vya ufundi ndivyo vinavyobaki kwenye pikipiki, kama alivyosema Fundi.

Kwa hiyo jiulize: pikipiki ikiwa korongoni na mimi niko juu nimevunjika mguu, nitahitaji nini? Maji, bandeji, filimbi, tochi, hivyo vitie begini. Simu na kitambulisho viwe mfukoni mwa koti, maana hata begi laweza kuvuliwa.

Bi Mkasi

Mwanangu, mie nashona turubai na viti vya matatu, nitasema la mshono. Shika mzizi wa mkanda wa bega uvute kwa nguvu. Pale pawe na mshono wa mraba wenye msalaba ndani, na uzi uwe wa nailoni. Uzi wa pamba huozeshwa na jasho na jua letu hili. Zipu iwe ya meno makubwa, na uisugue mshumaa, usitie mafuta, yanakamata vumbi. Kama begi ni zuri ila halina mkanda wa kifua, fundi yeyote wa turubai atakushonea.

Kava la mvua hupeperuka ukienda kasi. Bora ushonewe mfuko wa turubai la lori ukae ndani ya begi, mdomo wake ukunje mara tatu.

Barobaro wa Magongo

Ahsanteni sana, la lita 40 nimeliacha. Na maji ya siku nzima je? Hayaenei humo.

Fundi Makupa

Begini tia mfuko wa maji wa lita 2 wenye mrija. Mengine kwenye dumu, kwenye keria. Jazeni maji na petroli Maungu, na ile njia ya Kasigau muimalize mapema, ndovu huvuka jioni.

Mzaliwa wa Kuze

Ukimaliza kunywa, puliza maji yaliyo mrijani yarudi mfukoni. Huku twafanya hivyo yasigande. Huko kwetu hutakunywa maji ya moto kila ukianza kuvuta.