Kazi za A. R. Rahman: je, Bombay inaizidi Slumdog Millionaire?

Mkazi wa Upanga (mwanzisha mada)

Wakuu, salaam. Juzi barazani kwetu yalizuka mabishano yaliyotufikisha usiku wa manane, nayo yalihusu kazi ipi ya A. R. Rahman, mtunzi wa muziki wa filamu kutoka India, inayostahili kuwekwa mbele ya nyingine zote. Mdogo wangu alishikilia kwamba swali lenyewe halina mjadala, kwa sababu Slumdog Millionaire ndiyo iliyompatia Rahman tuzo mbili za Oscar mwaka 2009, moja ya muziki wa filamu na nyingine ya wimbo, na hakuna picha yake nyingine iliyompa hata moja. Nilimjibu kwamba tuzo hizo zinaonyesha tu siku ambayo Hollywood ilimsikia, ilhali wapenzi wa picha za Kihindi walikuwa wamekwisha kumsikia tangu mwaka 1992. Kwa kuwa hatukuafikiana, nauleta mpangilio wangu hapa ili upingwe na watu wasiokula sahani moja nami.

Kwanza natenganisha mambo mawili. Katika picha la Kihindi kuna nyimbo, ambazo aghalabu hutoka kabla ya picha yenyewe, na kuna muziki wa usuli, yaani ule unaopita chini ya mazungumzo na matukio bila mtu kuimba. Wengi wetu tukisema tunampenda Rahman huwa tunazungumzia nyimbo. Mimi nimevihesabu vyote viwili, lakini palipotokea mgongano nimeupa uzito zaidi muziki wa usuli, kwa kuwa huko mtunzi hana sauti ya Lata Mangeshkar wala ya Sukhwinder Singh ya kumbeba.

Nafasi ya kwanza naipa Bombay ya mwaka 1995. Ni picha ya Mani Ratnam kuhusu kijana wa Kihindu na binti wa Kiislamu wanaooana, wakahamia mjini Bombay, na hatimaye wakapotezana na watoto wao mapacha katika ghasia za Desemba 1992 na Januari 1993. Ndani yake kuna kipande kiitwacho Bombay Theme ambacho hakina neno hata moja: filimbi inabeba mahadhi, fidla nyingi zinaitikia, na kila mara filimbi inaporudi inakuwa kama mzazi anayeita jina la mtoto sokoni, ambaye bado anajizuia asipige kelele. Watengenezaji wa filamu wa nchi nyingine walikiazima baadaye kwa hadithi zisizohusiana kabisa na India, na hata huko kilikaa mahali pake.

Ya pili ni Lagaan (2001), ya tatu ni Dil Se (1998), ya nne ni Swades (2004), na ya tano ndiyo hiyo Slumdog Millionaire (2008). Naomba kuwasilisha.

Msikilizaji wa Magomeni

Roja ya mwaka 1992 iko wapi, mkuu? Rahman alikuwa na miaka 25 tu, ametoka kutunga vijimuziki vya matangazo ya biashara, na kwa picha hiyo moja akachukua tuzo ya taifa ya India. Mwaka 2005 jarida la Time liliuhesabu muziki wa Roja miongoni mwa kumi bora za filamu za dunia nzima. Mpangilio usio na Roja ni sawa na pilau isiyo na bizari.

Bi Fidla

Nimepiga fidla katika vikundi vya taarab kwa muda mrefu, kwa hiyo nitazungumza kwa upande wa anayelazimika kuyageuza mahadhi ya watu wengine yawe yake. Si siri kwamba wazee wetu walichukua mahadhi mengi kutoka picha za Kihindi na kuyatilia mashairi ya Kiswahili. Waliweza kwa sababu nyimbo zile za zamani ziliegemea sauti moja iliyonyooka: ukimpata mwimbaji anayeimudu, fidla mbili, kodiani na dumbaki, wimbo umesimama wima.

Kwa Rahman shughuli hiyo ni ngumu. Tulijaribu kuipiga Jiya Jale ya katika Dil Se na tukashindwa, si kwa sababu sauti ya Lata haifikiki (ingawa haifikiki), bali kwa sababu nusu ya utamu wake umo katika ile korasi ya Kimalayalam inayoingia na kutoka, na katika tabaka za midundo ambazo kila moja ni nyembamba mno kusikika peke yake. Ukizitoa unabaki na mifupa. Chaiyya Chaiyya ilikuwa nyepesi zaidi, kwa kuwa ile inasukumwa na koo na ngoma, kama watu walivyocheza juu ya paa la treni inayotembea.

Ndiyo maana, ndugu yangu wa Upanga, sikubaliani na nafasi uliyoipa Swades. Wimbo wa Yeh Jo Des Hai Tera una toleo lisiloimbwa, ambamo mahadhi yote yamekabidhiwa shehnai. Chombo hicho ni ndugu wa zumari yetu, ile inayotangulia ngoma za harusi za mwambao, na mtu aliyekulia pwani hahitaji kufasiriwa kinachosemwa. Hadithi ni ya mtaalamu wa anga wa NASA anayerudi kijijini kumtafuta mlezi wake na akashindwa kukitoa kijiji moyoni. Zumari hiyo imelibeba jambo lote, nami naweza kuipiga kesho kwa fidla moja tu na watu wakanyamaza. Watoa tuzo za filamu za Kihindi za Filmfare waliutuza muziki wa usuli wa picha hiyo, ikiwa tuzo zina maana kwenu.

Ila namba moja yangu wala haimo katika orodha yako: ni Jodhaa Akbar (2008), kwa ajili ya Khwaja Mere Khwaja ambayo Rahman ameiimba mwenyewe. Mara ya kwanza nilipoisikia niliangalia dirishani nikidhani kuna maulidi mtaa wa pili. Mdundo unakwenda taratibu kama dufu, sauti zinajibizana, na hakuna anayejaribu kuonyesha kwamba ana koo zuri.

Fundi Redio wa Temeke

Mjadala ni mzuri, lakini kipimo cha mwanzisha mada kina kasoro moja ambayo mtu wa Upanga hawezi kuiona kwa urahisi.

Mimi na wenzangu wengi tuliziona picha hizi katika vibanda umiza, yaani vibanda vya video vya mitaani, na tuliziona zikiwa zimetafsiriwa. Anayetafsiri huweka sauti yake juu, na ili asikike, sauti ya picha hushushwa hadi karibu kuzimika. Yeye huongea steringi anapoongea, huongea mama mtu anapolia, na mahali ambapo hakuna anayeongea hutueleza kwamba sasa hakuna anayeongea. Kitu pekee alichokiacha salama ni nyimbo, kwa kuwa wakati huo alikuwa akipumzika. Matokeo yake ni kwamba kwa miaka mingi niliamini kwa dhati kuwa Bombay ni picha yenye nyimbo nzuri na isiyo na muziki mwingine wowote. Hiyo filimbi mnayoisifu, mimi nilimsikia mtu wa Dar es Salaam akiniambia, "Hapa anatafuta watoto."

Kwa hiyo ukiupa uzito muziki wa usuli, unawapima watu kwa kitu ambacho wengi wao hawakuwahi kupewa. Sisemi kipimo ni kibaya, bali kitangazwe kwamba ni kipimo cha wenye diski halisi.

Baadaye mteja aliniletea mashine ya kuchezea diski ili niitengeneze, akaniachia na Lagaan ya kujaribishia. Nilikusudia kuijaribu kwa dakika tano, lakini niliitazama yote, saa tatu na dakika arobaini na nne. Tafadhali sikilizeni Ghanan Ghanan kwa spika zenye besi ya kweli. Wanakijiji wa mwaka 1893, waliochoshwa na ukame na kodi ya Waingereza, wanaona mawingu yakijikusanya. Ngoma zinaanza kwa mbali kama radi ya upande wa Kisarawe, zinakaribia, zinajaza chumba, halafu mawingu yanapita bila kudondosha tone. Mtu yeyote aliyelima mahindi ya kutegemea mvua anaujua ukimya unaofuata.

Tena kuna ile mechi ya kriketi ya mwishoni. Uswahilini kwetu hakuna anayeijua kriketi, na mimi hadi leo siwezi kueleza mtu anatolewaje, lakini sikupotea hata kidogo, kwani muziki ulikuwa ukinieleza nani anapanda na nani anazama. Kazi hiyo peke yake inatosha kuipeleka Lagaan namba moja.

Mdogo Mtu

Mimi ndiye yule mdogo aliyetajwa, na naona kaka amenifikisha hapa nikiwa nusu. Sikutaja tuzo peke yake, kwani nilitaja pia namna ya kazi yenyewe.

Katika picha za Mumbai na Chennai, mtunzi hupewa nyimbo tano au sita na kila moja hupewa dakika zake kamili, hadithi ikisimama kusubiri. Danny Boyle, mwongozaji wa Slumdog Millionaire, hakusimamisha hadithi. Rahman alilazimika kusema lake ndani ya vipande vifupi, picha ikikatwa kwa kasi, watoto wakikimbia. Tazameni O... Saya, aliyoifanya pamoja na mwimbaji M.I.A., pale watoto wanapofukuzwa kutoka uwanja wa ndege hadi vichochoroni: ngoma na mapafu ya watoto vinakuwa kitu kimoja, na huwezi kukata wimbo ukaiacha mbio. Kaka anasema anathamini muziki unaopita chini ya matukio. Basi katika orodha yake yote, ni ipi iliyokaa chini ya matukio kwa nidhamu kuliko hii?

Jambo moja nakubali. Jai Ho, ambayo dunia nzima iliichezea, inapigwa stesheni hadithi ikiwa imekwisha, na ukiiondoa picha haipungukiwi na kitu. Kama ningekuwa mgawa tuzo, ile ya wimbo ningeipa O... Saya.

Kijana wa Sinza

Wakubwa, shikamooni. Naona wote mmeishia mwaka 2008 kana kwamba Rahman alistaafu. Rockstar ya mwaka 2011 ina Kun Faya Kun, ambamo Rahman, Javed Ali na Mohit Chauhan wanaimba, na tukio lenyewe linaonyeshwa katika kaburi la walii Nizamuddin Auliya mjini Delhi. Maneno hayo kila aliyepita madrasa anayajua kutoka Yasin, aya ya 82, kwa hiyo sikuhitaji tafsiri ya mtu yeyote, wala ya kibandani. Bi Fidla aliyeipenda Khwaja Mere Khwaja naomba aisikilize hii kisha atuambie kama msimamo wake haujayumba.

Bi Fidla

Marahaba, mwanangu. Naijua, na ni nzuri. Tofauti ni kwamba katika Khwaja kundi zima linazama ndani ya sifa, ilhali katika Kun Faya Kun kuna kijana mmoja aliyefukuzwa nyumbani ambaye gitaa lake linaendelea kujitambulisha hata mbele ya kaburi la walii. Kwa hadithi ya Rockstar ndivyo inavyopasa kuwa, lakini mimi huwa natamani gitaa hilo lingebaki nje na viatu.

Mkazi wa Upanga (mwanzisha mada)

Nimesoma yote na nimerudi kusikiliza upya kabla ya kujibu.

Kwa Msikilizaji wa Magomeni: Roja niliiacha kwa makusudi. Nyimbo zake ni za ajabu kwa mtu wa miaka 25, lakini napoikumbuka picha yenyewe nakumbuka nyimbo tu, na kwa kipimo nilichokitangaza hilo linaiangusha. Rockstar nayo naiacha nje kwa sababu hiyo hiyo.

Kwa Fundi: hoja yako imeniingia. Ni kweli kwamba mtu huwezi kumlaumu kwa kutoipenda filimbi aliyozibiwa, na ni kweli pia kwamba nyumbani kwetu diski halisi zilikuwapo, zikiletwa na mjomba aliyekuwa baharia. Hata hivyo nimeshikilia kipimo, kwani swali lilikuwa kuhusu Rahman alichotunga, na kilichotufikia ni mada nyingine inayostahili uzi wake.

Kwa Bi Fidla: niliisikiliza ile zumari ya Swades mara tatu usiku wa jana, taa zikiwa zimezimwa. Naipandisha hadi nafasi ya pili, Lagaan inashuka hadi ya tatu, na Dil Se ya nne. Jodhaa Akbar nasita, kwa kuwa nje ya Khwaja naona ngoma za kifalme zinapigwa mno, kana kwamba tusingejua kuwa Akbar ni mfalme. Bombay haiondoki nilipoiweka.

Slumdog Millionaire inabaki ya tano. Mdogo wangu amejitetea vizuri kuliko alivyofanya barazani, lakini nimeirudia O... Saya na bado naiona nyembamba.

Fundi Redio wa Temeke

Mkuu, swali moja tu kabla hatujakubali hiyo nafasi ya tano. Umeirudia kwa spika gani?

Mkazi wa Upanga (mwanzisha mada)

Za televisheni.

Fundi Redio wa Temeke

Basi hujaisikia. Spika za televisheni bapa huwa zinatazama ukutani, na besi yote ya ule wimbo iko chini ya uwezo wake. Njoo ofisini Jumamosi na mdogo wako, nina spika mbili za mteja ambaye hajaja kuzichukua.