Naomba ushauri: kampuni ihimize wafanyakazi kushiriki mambo ya uraia bila kuonekana ina chama

Karani_Mabati
Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri wa watu wanaoijua kazi hii.

Ni kiwanda cha mabati, Tororo, Uganda. Wafanyakazi 140, zamu mbili: saa 1 asubuhi hadi saa 1 jioni, halafu usiku. Kuna Wajopadhola, Wateso, Wasamia, vijana wa Arua, na Wakenya wachache wa upande wa pili wa Malaba, ndiyo maana Kiswahili ndicho lugha ya karakana. Mkurugenzi anataka sera ya ushiriki wa raia iandikwe sasa, kabla joto la kampeni halijarudi. Mawazo yake ni matatu:

1. Yeye mwenyewe ahutubie wafanyakazi wote kuhusu umuhimu wa kura.
2. Anayeonyesha kidole chenye wino apewe shilingi 10,000.
3. Mgombea aje kuzungumza saa ya chakula cha mchana.

Anasema hana chama, na ni kweli. Lakini siku ya kura hataki bafu la zinki (tangi la zinki iliyoyeyushwa ya kupaka mabati) lizimwe. Nianzie wapi?

Mama_Zamu
Karani, anza kwa kufuta namba 2. Ukilipia wino, umeanzisha ukaguzi wa vidole getini. Kuna Mkenya asiye na kura Uganda, kuna ambaye dini yake haimruhusu kupiga kura, kuna aliyejiandikisha Arua na hakupata nauli, kuna aliyeamua tu kubaki nyumbani, na hiyo ni haki yake. Wote watasimama mbele ya supavaiza na kidole safi. Kesho yake mtu akinyimwa ovataimu kwa sababu nyingine kabisa, ataamini ni kwa sababu ya kidole. Huwezi kumthibitishia vinginevyo.

Sheria za uchaguzi nazo hukataza kumpa mtu fedha au zawadi kwa nia ya kumshawishi ampigie au asimpigie mgombea fulani. Mkurugenzi atasema nia yake si hiyo. Sawa, lakini kwa nini ajiweke mahali pa kueleza nia yake?

Badala ya fedha toa muda, tena sawa kwa kila mtu, anayepiga na asiyepiga. Na msimuulize mtu kama alipiga, hata kwa mzaha wa asubuhi.

Namba 1 nayo mngeipunguza. Mkurugenzi asaini tangazo la nusu ukurasa, basi. Mwajiri anapozungumza dakika ishirini kuhusu kura, watu hawasikilizi maneno, wanasikiliza anaelekea wapi. Akitaja "amani na utulivu" wanasema ni wa upande huu. Akitaja "mabadiliko", wa upande ule.

Wakili_Mbale
Naongeza misingi, ili sera isimame juu ya kitu.

Katiba ya 1995, ibara ya 38, inampa kila raia haki ya kushiriki katika mambo ya serikali. Ibara ya 59 inampa raia wa miaka 18 na zaidi haki ya kupiga kura, na inasema ni wajibu wake kujiandikisha. Angalieni tofauti: kujiandikisha ni wajibu, kupiga kura ni haki. Tangazo lenu lisiandike kwamba kupiga kura ni lazima.

Sheria ya Ajira ya 2006 inakataza ubaguzi kwa misingi ya maoni ya kisiasa, na kumfukuza mtu kwa sababu ya maoni au chama chake si sababu halali. Iandikeni waziwazi ndani ya sera, halafu mkurugenzi aisaini.

Siku ya kura ikitangazwa sikukuu ya umma, kila mfanyakazi ana haki ya mapumziko yenye malipo. Atakayefanya kazi siku hiyo, mnamlipa kwa kiwango mara mbili kwa saa zake au mnakubaliana siku nyingine ya mapumziko. Watu wa hesabu wajue mapema.

Jambo la pembeni: zamu za saa 12 zinahitaji jicho. Sheria inaruhusu zamu kuzidi, lakini wastani wa wiki tatu usipite saa 10 kwa siku wala saa 56 kwa wiki. Kampuni inayozungumzia haki za raia huku ratiba yake ina walakini itaumbuliwa na mfanyakazi wa kwanza mwenye akili.

Ratiba_Jinja
Mimi najibu la bafu la zinki, maana hapo ndipo sera nyingi hufia.

Vituo hufunguliwa saa 1 asubuhi na kufungwa saa 10 jioni. Zamu yako ya mchana inaanza saa 1 na kumalizika saa 1 jioni, yaani imemeza muda wote wa kura. Ukisema "atakayetaka kupiga kura aombe ruhusa", umempa supavaiza mamlaka ya kuchagua nani apige. Usifanye hivyo.

Zinki huyeyuka karibu nyuzi 420, na bafu hukaa karibu nyuzi 450. Likiganda ni hasara kubwa, mkurugenzi ana haki ya kuogopa. Lakini kuliweka bafu moto si sawa na kuzalisha. Bila uzalishaji huhitaji watu 70. Unahitaji wa tanuru, wa umeme, wa kuangalia vipimo na askari, tuseme watu 8. Gawanya mchana hivi:

Kundi la kwanza, watu 8, saa 1 asubuhi hadi saa 6 mchana. Wana saa nne za kwenda kituoni kabla ya saa 10.
Kundi la pili, watu 8, saa 6 mchana hadi saa 1 jioni. Wana asubuhi yote.
Waliotoka usiku saa 1 wanakwenda kituoni moja kwa moja, wakalale baadaye. Usiku unaofuata wanaoingia wawe 8 wengine, wasiwe walewale.

Usipange saa moja ya ruhusa. Masanduku huchelewa, mashine ya kutambua alama za vidole hugoma, foleni inasimama. Saa nne ndiyo kiasi cha chini. Waambie pia kwamba aliyefika kwenye foleni kabla ya saa 10 anaruhusiwa kupiga hata saa ikipita, kwa hiyo asiondoke.

Ukiwapanga, uliza swali moja tu: "Unapendelea asubuhi au mchana?" Usiunde orodha ya wapigaji na wasiopiga ili Wakenya wote wabaki na bafu. Wakijitolea wenyewe, vizuri.

Chapisha ratiba kwenye karatasi. Januari 2021 intaneti ilizimwa nchi nzima tangu mkesha wa kura, kwa siku kadhaa. Ratiba iliyoko WhatsApp tu haina faida siku kama hiyo. Malipo pia yamalizwe siku tatu kabla.

Opolot_K
Reflekta za njano! Msiwagawie watu fulana mpya za njano wala nyekundu miezi ya kampeni. Ni rangi za vyama: njano ni NRM, nyekundu NUP, bluu FDC, kijani DP. Za usalama zilizopo ziendelee, ila fulana za sherehe ziwe kijivu.

Daftari_Safi
Ratiba nzuri haina maana kama jina la mtu liko kituo cha mbali. Kosa kubwa ni watu kudhani kwamba kitambulisho cha taifa kinatosha. Daftari la wapiga kura linachota taarifa kutoka NIRA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa, lakini kila mtu amepangiwa kituo kimoja. Aliyejiandikisha kijijini akahamia Tororo bado yuko kijijini mpaka aombe kuhamishwa, na maombi hupokelewa tu wakati Tume ya Uchaguzi inaboresha daftari. Dirisha hilo hufungwa miezi mingi kabla ya kura. Mtu anakuja kugundua wiki ya mwisho, na hakuna wa kumsaidia.

Kwa hiyo kazi yenu kubwa iko mapema. Tume ikitangaza kuboresha daftari, bandikeni tarehe kwenye ubao wa kantini na getini, Kiswahili kwanza. Toeni nusu siku yenye malipo kwa kila mtu, kwa zamu, watu 10 kwa siku. Siku 14 na wote 140 wameenda. Baadaye Tume hubandika daftari vituoni kwa angalau siku 21, na hapo ndipo mtu huangalia jina, picha na herufi. Toeni tena saa mbili. Marehemu aliyebaki kwenye orodha, au jina lililokosewa, hurekebishwa wakati huo.

Waambieni pia waangalie tarehe ya kuisha kwenye kitambulisho. Vya mwanzo vilitolewa kwa miaka 10, vingi vimekwisha. HR isikusanye vitambulisho wala nakala kwa kazi hii. Mtu akishampa bosi NIN yake (namba ya kitambulisho) na jina la kituo, hadithi zitaanza mtaani.

Kwa wa Arua: safari ni siku nzima kwenda na nyingine kurudi. Waruhusuni kuomba likizo ya mwaka mapema, bila kueleza sababu.

Byaruhanga_B
Kuhusu mgombea kuja chakula cha mchana, mimi naona si vibaya, mradi wote waalikwe. Barua moja, siku moja, dakika 10 kila mmoja.

Mama_Zamu
Ssebo, kwenye karatasi ni sawa. Tororo ikiwa na wagombea sita, wawili watakuja, mmoja atatuma mwakilishi, na wa tatu atakuja na spika tano na umati getini. Picha itakayosambaa ni ya yule mmoja amesimama mbele ya nembo ya kampuni. Kila mtu atasahau barua mlizowaandikia wengine. Isitoshe, mfanyakazi aliyeko kantini hawezi kuondoka bila kuonekana kaondoka.

Jibu lenye usalama: hakuna mgombea ndani ya geti, hata mmoja, hata wa ukoo wa mkurugenzi. Mnaotaka elimu ya mpiga kura, iombeni Tume, kwani Katiba imeipa kazi hiyo. Mwombeni afisa wa Tume wa wilaya aje nusu saa, aonyeshe karatasi ya kura inavyowekwa alama na inavyokunjwa. Mikutano iwe ya hiari, na mahudhurio yasiandikwe.

Byaruhanga_B
Hilo la kuondoka kantini sikulifikiria. Sawa, nnyabo.

Hesabu_za_Gombolola
Mnazungumza kura tu, na kura huja kila miaka mitano. Sehemu iliyo rahisi zaidi na isiyo na chama iko kwenye payslip.

Kila mwaka, kuanzia Julai hadi Oktoba, mwajiri hukata kodi ya huduma ya mtaa, LST, na kuipeleka serikali ya mtaa. Kwa mwaka huanzia 5,000 kwa wa mshahara mdogo, hufika 100,000 kwa anayepata zaidi ya milioni moja kwa mwezi. Wengi huona herufi tatu tu na makato. Hapo ndipo pa kuingilia: mwezi wa kwanza wa makato, bandikeni karatasi yenye jumla iliyokatwa kiwandani kwenu, tarehe iliyopelekwa, na ofisi iliyopokea. Msitaje jina la mtu. Mfanyakazi akiona kwamba kiwanda chake peke yake kimepeleka mamilioni kadhaa, atauliza mtaro wa barabara yake uko wapi. Hahitaji hotuba.

Halafu mpeni pa kuulizia. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, lakini maoni hukusanywa mapema mno: mikutano ya bajeti ya wilaya huwa Oktoba na Novemba, na ya vijiji na miluka (parokia) hutangulia. Anayeanza kulalamika Juni, siku bajeti inaposomwa, amechelewa miezi minane. Wekeni siku mbili za uraia kwa mwaka, zenye malipo, mtu azitumie kwa mkutano wa bajeti, baraza la gombolola (tarafa ndogo ya wilaya) au kamati ya shule ya mtoto wake. Fomu iwe na mistari mitatu: jina, tarehe, supavaiza amejulishwa siku tano kabla. Kusiwe na mstari wa "sababu", na mikutano ya vyama isihesabiwe.

Anayetaka nyaraka za halmashauri, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2005 inaipa ofisi siku 21 kujibu. Ombi aliandike kama raia, si kwa karatasi ya kampuni. Hilo huponza makampuni: swali la mtu mmoja linageuka ugomvi kati ya kiwanda na wilaya.

Na msisahau chama cha wafanyakazi kama kipo. Bungeni kuna viti vitano vya wawakilishi wa wafanyakazi. Uongozi ukianza kupendekeza majina huko, umeharibu.

Karani_Mabati
Nashukuru sana. Rasimu ya tangazo ni hii, naomba mnikosoe: "Kampuni inamtaka kila mfanyakazi kutimiza wajibu wake wa kupiga kura na kuchagua viongozi bora wa maendeleo. Ruhusa itatolewa na supavaiza."

Wakili_Mbale
"Inamtaka" ni amri. "Viongozi bora wa maendeleo" ni kauli ya kampeni, hata kama hukukusudia. Na ruhusa umeirudisha kwa supavaiza. Jaribu hivi:

"Siku ya kura ni mapumziko yenye malipo kwa wote. Walio kwenye zamu ya bafu watapewa saa nne au zaidi, kwa ratiba iliyobandikwa. Kupiga au kutopiga ni uamuzi wako na hakuna atakayekuuliza. Ukiulizwa na msimamizi yeyote, mjulishe HR." Chini yake weka namba ya simu ya mtu mmoja ambaye si supavaiza.

Karani_Mabati
Nimeelewa. La mwisho: kura ya LC1, baraza la kijiji, je? Ile ya kupanga mstari, watu wote wanaona.

Ratiba_Jinja
Hiyo ni ngumu zaidi. Mwaka 2018 watu walijipanga nyuma ya wagombea hadharani, na kwenye mitaa ya karibu na kiwanda supavaiza na vibarua wake wanaweza kuwa kijiji kimoja. Mwandikie kila msimamizi mapema kwamba aliyoyaona kwenye mstari hayaingii getini: hayatajwi kazini, hayahusiki na zamu wala ovataimu. Kisha kwa miezi mitatu baada ya kura hiyo, HR ndiyo ipange ovataimu, si supavaiza. Ulinganishe na orodha ya miezi mitatu iliyotangulia. Jina lililokuwa linapata mara nne kwa mwezi likishuka hadi sifuri, muite supavaiza akueleze.