Naomba ushauri: neno "run" linanivuruga kila ninapotafsiri

MfasiriMchanga

Wakuu, habari zenu. Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa muda mrefu, ila leo yamenifika shingoni.

Natafsiri kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili, huu ni mwaka wa pili. Kazi zangu ni miongozo ya mashine, mikataba mifupi na matangazo. Wiki iliyopita nilirudishiwa mwongozo wa jenereta umejaa wino mwekundu, na sehemu kubwa ya makosa imetoka kwenye neno moja tu, "run". Neno nililofundishwa utotoni kwamba ni kukimbia, basi.

Sikuandika kwamba injini inakimbia, hilo nililikwepa. Kosa langu ni kwamba nilishika "endesha" nikaifanya dawa ya kila ugonjwa. Palipokatazwa kupitisha waya chini ya zulia, Kiingereza kilisema "do not run the cable", nami nikaandika "usiendeshe waya". Mafuta yakipungua, "runs low", nikaandika "yakienda chini". Dhamana ya miaka miwili, "runs for two years", nikaandika "inaendelea miaka miwili". Nikiyasoma sasa naona aibu, lakini wakati naandika yalionekana sawa kabisa.

Nimeanza kunakili maana zote kutoka kwenye kamusi, nimefika ya arobaini na kitu, na zile za mwanzo zimeshanitoka kichwani. Je, niendelee kukariri, au kuna njia nyingine? Kazi hii naipenda kwa moyo wote. Natanguliza shukrani.

KalamuNyeusi

Funga hilo daftari, mkuu. Peter Gilliver, mhariri wa ile kamusi kubwa ya Oxford, alitumia kama miezi 9 kwa kitenzi hicho kimoja, na alipomaliza alikuwa amehesabu maana 645. Kabla ya hapo sifa ya kidahizo (yaani neno pamoja na maelezo yake kamusini) kirefu kuliko vyote ilikuwa ya "set", katika toleo la mwaka 1989. Kamusi ya aina hiyo inahifadhi kila matumizi yaliyowahi kuandikwa, hata yaliyokufa zamani. Ni ghala. Ghalani mtu huingia kuchukua anachohitaji, hahamishi magunia yote.

MwalimuWaSarufi

Mwanangu MfasiriMchanga, nimefundisha lugha hizi mbili miaka mingi, na kosa lako nimelisahihisha kwa watu wengi wenye akili nzuri. Naomba nilieleze kwa kirefu kidogo.

Sisi kitenzi chetu kina mikia. Lala, laza. Keti, ketisha. Pita, pitisha. Enda, endesha. Mkia ukibadilika, msikilizaji anajua mara moja kama mtu anatenda mwenyewe au anasababisha kitu kitende. Kiingereza cha kale nacho kilikuwa na jozi za namna hiyo, na mabaki yake bado yapo: "lay" ni ndugu wa "lie" kama laza alivyo ndugu wa lala, na "set" ilizaliwa na "sit" kama ketisha ilivyozaliwa na keti. "Run" nayo ilikuwa vitenzi viwili, kimoja cha kukimbia na kingine cha kukimbiza. Karne zilivyopita vikayeyukiana vikawa neno moja. Ndiyo maana leo mtoto "runs", na meneja naye "runs" kampuni, bila herufi hata moja kubadilika. Kazi ambayo kwetu inafanywa na mkia, kwao inafanywa na mpangilio wa sentensi.

Kwa hiyo kabla hujagusa kamusi, uliza: kuna kitu kinachotendwa baada ya kitenzi, au hakuna?

Kama kipo, tafuta tendo la kusababisha, lakini usikimbilie "endesha". Angalia kitu chenyewe. Biashara na programu, endesha. Waya, bomba la maji, kamba, pitisha. Tangazo gazetini, chapisha. Injini, washa uiache ingurume. Vipimo vya maabara, fanya.

Kama hakipo, mtazame mtendaji, kwa sababu kwetu kila mtendaji ana kitenzi chake. Machozi hutiririka. Kamasi hutoka. Barabara hupita kando ya mto. Rangi ya kitambaa huchuja. Basi hufanya safari zake kila saa. Mkataba huwa wa muda fulani, na hapo mara nyingi huhitaji kitenzi kabisa: "mkataba ni wa miaka mitatu", umemaliza.

Hilo la mwisho ndilo wafasiri wachanga wanalosita kulifanya. Wanaona kitenzi upande ule, wanadhani wana deni la kitenzi upande huu.

Upepo_wa_Kusi

Naheshimu maelezo ya mwalimu, ila mimi nimefaidika zaidi na njia nyingine. Shika picha moja kichwani: kitu kinasonga mfululizo kwenye njia yake. Mto, injini, mkataba, tamthilia iliyoonyeshwa miezi sita, hata "run" kama nomino, yaani mfululizo wa ushindi. Zote ni mwendo usiokatika. Tangu niione picha hiyo sijawahi kuliogopa neno hili.

MwalimuWaSarufi

Picha ni nzuri kwa kuelewa, ndugu yangu, na naitumia darasani. Lakini haikupi neno la Kiswahili. Ukishaona kwamba rangi "inasonga mfululizo", bado huna "chuja". Neno hilo unalipata kwa kuwasikiliza watu wanaofua nguo.

NyotaYaAlfajiri

Nami niongeze. Mkuu, jiulize wewe Kiswahili ulikijuaje. Tunapiga simu, tunapiga picha, tunapiga pasi, tunapiga kura, tunapiga magoti, tunapiga mswaki, tunapiga hodi, tunapiga chafya. Hakuna aliyekukalisha chini kukukaririsha maana za "piga". Ulilipokea kila moja likiwa limeshikana na mwenzake. Mgeni anayejifunza lugha yetu akinakili maana za "piga" moja moja atachoka kama ulivyochoka wewe. Tunamshauri ashike "piga pasi" nzima nzima, kama neno moja. Basi fanya hivyo hivyo na "run". Daftari lako libaki, ila badala ya maana andika jozi, yaani "run" pamoja na neno lililoshikana nalo, na kila jozi itoke kwenye maandishi uliyoyatafsiri mwenyewe.

Na usitishwe na wingi wake. Mwaka 1953 Michael West alitoa orodha ya maneno yapatayo 2,000 ya kuanzia kwa wanaojifunza Kiingereza, na ndani yake akaonyesha kila maana ya neno inatumika kwa kiasi gani ikilinganishwa na nyingine. Alijua kwamba maana za neno hazilingani uzito. Kwenye miongozo ya mashine utakutana na chache, zikijirudia tena na tena. Anza na hizo.

KalamuNyeusi

Ongeza tahadhari ya vijineno vinavyofuata. "Run out" ni kuisha, lakini angalia nani mtendaji: maji yakiwa mtendaji, "yameisha", watu wakiwa mtendaji, "wameishiwa maji". "Run into" inaweza kuwa kukutana na mtu bila kutarajia, au kugonga ukuta. "Run over" ni kumkanyaga mtu kwa gari, au kupitia maelezo haraka, au kikao kuzidi muda wake. Hizi usizivunje vipande, zisome pamoja. Na kuna ya kugombea cheo: Wamarekani husema "run", ilhali Waingereza husema "stand". Nimewahi kuona tafsiri ambayo mgombea "amesimama" badala ya kugombea, na msomaji hakuelewa kama mtu yule bado yumo au ameacha.

MfasiriMchanga

Shikamoo mwalimu, na asanteni sana wote. Nimekaa usiku mzima nikiupitia upya ule mwongozo. Waya sasa "usiupitishe chini ya zulia". Mafuta "yakipungua". Dhamana "ni ya miaka miwili", na kitenzi nimekiacha bila kuogopa. Palipoandikwa mashine isiachwe "running" bila mtu, nimeandika "usiiache ikiwa imewashwa bila mtu karibu". Mwanzo nilitaka "ikifanya kazi", nikaona msomaji anaweza kudhani inazungumziwa mashine nzima isiyo mbovu.

Imebaki sentensi moja inayonitesa, maana "run" imo mara mbili: "Run the tap until the water runs clear." Nimeandika: "Fungua bomba uache maji yatoke mpaka yawe safi." Mnaionaje?

NyotaYaAlfajiri

Nusu ya kwanza nzuri sana. "Fungua bomba uache maji yatoke" ndivyo mtu anavyosema kwa kinywa chake.

MwalimuWaSarufi

Marahaba, mwanangu. Nusu ya pili itazame tena, na safari hii "run" haina hatia. Shida ni "safi". Anayesoma anaweza kuamini maji hayo yanafaa kunywewa, na mwongozo haujasema hivyo. Unataka tu yaache kutoka na rangi ya kutu. Jaribu "mpaka yatoke bila rangi".

MfasiriMchanga

"Fungua bomba uache maji yatoke mpaka yawe hayana rangi." Nimekwepa kurudia "yatoke". Sikuwa nimeliona hilo la kunywa kabisa, mwalimu. Natuma kazi asubuhi.