Pesa ya kodi ya mtu imeingia kwenye akaunti yangu

Kutoka: Binti Tanga, Leicester
Jumanne, saa 12:40 asubuhi

Shikamooni wakubwa, habari zenu wenzangu.

Nimetoka zamu ya usiku sasa hivi, naandika nikiwa kituo cha basi. Nisipoandika nitafika nyumbani nilale nikiwa nimeshajiamulia vibaya.

Ijumaa ziliingia pauni 640 kwenye akaunti yangu. Wale wakala wanaonipeleka kwenye nyumba ya wazee nawadai malipo ya wiki 3, kwa hiyo nilipoona tarakimu nilimshukuru Mungu, hata sikufungua kuangalia zimetoka wapi. Palepale nikatuma pauni 200 nyumbani, ada ya mdogo wangu, maana alisharudishwa nyumbani kutoka shule mara mbili. Mama alinipigia analia kwa furaha.

Jana usiku kwenye mapumziko ndiyo nikaitazama simu vizuri. Jina la mtumaji silijui. Chini yake ameandika, kwa Kiingereza cha mkato, kodi ya mwezi huu, chumba namba 6. Niliyatazama maneno hayo mpaka kioo kikazima.

Hakuna aliyenitafuta. Benki haijasema neno, na leo ni siku ya 4. Moyo unaniambia kwamba nimefanya kazi wiki 3 bila kulipwa, basi hii ndiyo njia Mungu aliyonifungulia. Halafu unaniambia tena kwamba mtu wa chumba namba 6 siye aliyenidhulumu. Zimebaki 440, na kodi yangu mwenyewe inakatwa wiki ijayo. Naombeni ushauri, na msinifiche.

Kutoka: Kaka wa Luton
Jumanne, saa 1:55 asubuhi

Dada, pole na zamu. Nitasema ninavyoona, wakubwa watanisahihisha.

Benki za hapa zina mitambo ya kila kitu. Mtu akikosea anapiga simu, anarudishiwa. Siku 4 bila kelele maana yake hana dhiki nayo. Hizo zilizobaki usiziguse, ukiulizwa uzitoe. Lakini hizo 200 zimekwenda kwenye elimu ya mtoto, hukununua anasa. Mimi kwa viza yangu nalipa ada ya afya pauni 1,035 kwa mwaka, na juu yake nakatwa bima ya taifa kwenye kila mshahara kama raia. Hakuna anayekosa usingizi kwa ajili yangu. Usijiue kwa kosa ambalo hukulifanya.

Kutoka: Mzee wa Sheffield
Jumanne, saa 3:10 asubuhi

Mdogo wangu wa Luton, nimekusoma mara mbili kabla ya kujibu, kwa sababu mimi ndiye yule wa chumba namba 6.

Mwaka 2016 nilimtumia mwenye nyumba pauni 525. Akaunti za hapa zina tarakimu 8, na mimi nilizigeuza mbili, 47 nikaandika 74. Siku hizo benki iliangalia namba tu. Kulinganisha jina na akaunti kulianza 2020, na hata leo kinachotokea ni onyo kwenye simu, ambalo mtu aliyechoka analipita. Nilipiga simu siku ileile. Benki ikamwandikia aliyepokea. Kwanza alikaa kimya, halafu akajibu kwamba pesa ni yake. Basi. Benki haikuweza kuzichukua bila ridhaa yake, wala haikunipa jina lake.

Unasema siku 4 za kimya ni dalili ya kutokuwa na dhiki. Mimi sikuwa kimya, ila kelele zangu zilikuwa zinaishia kwa mhudumu wa simu.

Mwezi ule nililipa kodi mara mbili. Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi 7, chakula kisingeweza kupunguzwa, kwa hiyo kilichobaki cha kukata kilikuwa nauli. Novemba nzima nilikwenda kazini kwa miguu, dakika 70 kwenda, 70 kurudi, na milima ya Sheffield mnaifahamu. Nikipita kwenye nyumba yenye taa nilikuwa najiuliza kama yumo humo. Sikumwona kuwa mtu mbaya. Nilifikiri labda naye ana mdogo wake anayedaiwa ada. Lakini kiatu changu cha kulia kilipasuka soli nikatia karatasi ya boksi la nafaka, na mpaka leo nikiona boksi la aina ile namkumbuka mtu ambaye simjui hata jina.

Binti, rudisha.

Kutoka: Dada wa Slough
Jumanne, saa 4:02 asubuhi

Nakubaliana na Mzee, ila nina angalizo. Kule Kenya ukikosea M-Pesa unapeleka ule ujumbe kwa 456, kampuni yenyewe inashughulikia. Matapeli wanafanya kinyume: wanakupigia wakilia, "nimekosea, nirudishie kwa namba hii." Na hapa Uingereza wapo. Mtu yeyote akikupigia kuomba hizo pesa akikupa akaunti nyingine, usitume hata senti. Huenda ni za wizi zinapitishwa kwako, na jina lako likiingia kwenye kumbukumbu za ulaghai linaweza kukaa miaka 6, kila benki inakukataa.

Kutoka: Mama wa Birmingham
Jumanne, saa 4:30 asubuhi

Marahaba mwanangu. Nimekuwa karani kwa mawakili miaka 11, kwa hiyo nisikilize.

Sheria ya wizi ya 1968, kifungu cha 5(4), inahusu mali uliyoipata kwa makosa ya mwingine. Miaka ya 1980 askari polisi mmoja wa kike aliingiziwa benki pauni 74.74 za saa ambazo hakuzifanyia kazi. Hakuomba, hakudanganya mtu. Mahakamani aliachiwa, lakini swali likapelekwa Mahakama ya Rufaa, na majaji wakasema ndiyo, anayejua si yake akaamua kuizuia kwa hila anaweza kuwa mwizi. Kwa siku ulizodhani ni mshahara wako huna kosa. Hesabu inaanzia jana usiku ulipofungua simu.

Kaka wa Luton, machungu yako ni ya haki kabisa. Lakini kwetu Mombasa tulifundishwa kwamba haki ya mja haifutwi kwa toba peke yake, mpaka mwenyewe umrudishie. Serikali inayokukata siyo huyo mpangaji.

Binti, piga 159, itakuunganisha na benki yako. Sema ukweli wote, pamoja na hizo 200. Na kuhusu hao wakala, wapigie Acas, shirika linaloshauri wafanyakazi kuhusu haki zao, ushauri wao ni bure. Deni lako lidai kwa anayedaiwa.

Hizo 200 zisikulaze macho. Zamu yangu ya kupokea kwenye mchezo wetu wa kuchangishana pesa ni wiki hii. Chukua wewe, nami nitapokea kwenye zamu yako ya Desemba. Nitumie namba ya akaunti faraghani, na uiandike polepole.

Kutoka: Binti Tanga, Leicester
Alhamisi, saa 2:15 usiku

Shikamooni tena.

Jumanne sikulala. Nilikaa kwenye laini dakika 50. Nilipomaliza kueleza, mhudumu akaniambia ombi kutoka benki ya mtumaji lilikuwa limeshafika kwao asubuhi ileile, walikuwa wanajiandaa kuniandikia. Nikamwambia 440 zipo, 200 nazileta. Pesa ya Mama wa Birmingham iliingia saa 10 jioni, na jana zote 640 zimeondoka. Kwenye akaunti yangu zimebaki pauni 31. Mama, sina la kukulipa, Mungu akuzidishie.

Mzee wa Sheffield, nilitaka niulize jina la yule mtu. Kumbe lilikuwepo kwenye simu siku zote, ila baada ya habari ya kiatu chako sikuweza kulisoma tena.

Nimempigia mama yangu kule Tanga nikamweleza kila kitu. Alinyamaza kidogo, akaniuliza, "Huyo mwenye pesa ana watoto?" Nikamwambia sijui.