Naomba ushauri: mbwa wangu chotara miguu ya nyuma inamgomea

Wakuu habari zenu, nina mbwa dume chotara wa German Shepherd na hawa wetu wa kienyeji, ana miaka 6 na kilo kama 40 hivi. Sasa tangu mvua zianze asubuhi akitaka kunyanyuka miguu ya nyuma inagoma, anajivuta na ya mbele mpaka kucha zinakwaruza sakafu, akitembea kidogo anakaa sawa. Dona na dagaa anakula vizuri tu. Dokta wa mifugo alimchoma sindano ya maumivu ikasaidia siku 2 basi. Nasikia mbwa wakubwa nyonga huwasumbua, je nimpunguze uzito kwanza au nikampige eksirei? (Panadol msinitajie, inaweza kuua mbwa.) Aliyepitia hili anisaidie jamani, roho inaniuma sana.